Homa imeondoka, mbona mimi bado naumwa?

*Swali:* Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, sina ugonjwa wa kudumu ninaoujua. Siku 18 zilizopita nilishikwa na mafua makali: homa, kutetemeka, viungo kuuma mpaka kushuka kitandani ikawa shida. Homa iliisha siku ya nne, siku ya sita nikarudi kazini. Tangu hapo kikohozi hakijaniacha, hasa usiku, na nikipanda ngazi za ofisini lazima nisimame njiani nipumzike. Wiki iliyopita makohozi yalikuwa ya njano, nikanunua antibayotiki, nikameza siku tatu, sikuona tofauti. Mume wangu anasema nikimbie jasho linitoke, ndiyo dawa. Je, ninunue dozi nyingine? Nirudi lini kwenye mazoezi ya kukimbia? Na mama mkwe, mwenye miaka 70 na kisukari, anakuja kukaa nasi wiki ijayo. Nitamwambukiza?

*Jibu:* Pole sana, dada. Nianze na lile unaloweza kulifanya kabla hata hujamaliza kusoma: usiende kununua dozi ya pili. Mengine tutayachukua taratibu.

Kwa maelezo yako, kirusi chenyewe karibu hakika kimeshaondoka. Mtu mzima mwenye kinga ya kawaida anayepata homa ya mafua huanza kutoa virusi siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, huvitoa kwa wingi siku tatu nne za mwanzo, na ikifika siku ya saba wengi hawana tena cha kumwambukiza mtu. Wewe uko siku ya 18. Unachokiuguza sasa ni uharibifu ambao maambukizi yameuacha nyuma, na huo hauponi kwa kasi ya homa.

Kirusi cha mafua huingia kwenye chembe zilizotandikwa ndani ya pua, koo na njia za hewa. Nyingi ya chembe hizo zina vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kupepea kwa pamoja na kuusukuma ute kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu ulivyovinasa. Kirusi kikizaliana humo, chembe hufa na kubanduka, sehemu nyingine hubaki utupu. Kwa hiyo siku ile ya nne homa iliposhuka ukajisikia umepona, ukuta wa njia zako za hewa ulikuwa bado kidonda. Kuota upya kwa chembe pamoja na vinyweleo vyake huchukua wiki kadhaa, na muda wote huo ute hauna wa kuutoa ila kikohozi. Isitoshe, ncha za mishipa ya fahamu zilizo chini ya utando huo huwa nyepesi kuchokozeka. Vitu ambavyo zamani usingevijali, kama manukato ya mtu kwenye lifti, hewa baridi, kucheka, kuongea na simu kwa muda mrefu, sasa vinakukohoza.

Uchovu una chanzo kingine, na hapa wagonjwa wengi hushangaa. Maumivu ya viungo, kutetemeka, unyonge wa kushindwa hata kujibu ujumbe, kwa sehemu kubwa havitokani na kirusi moja kwa moja. Kirusi cha mafua kwa kawaida hakitoki kwenye njia ya hewa kwenda kukaa mapajani. Kinachokuangusha ni kemikali ambazo mwili wako mwenyewe huzimwaga kwenye damu ili kupiga mbiu ya vita, mojawapo ikiwa interferoni. Hilo tunalijua vizuri kwa sababu kwa miaka mingi interferoni ilitumika kama sindano ya kutibu homa ya ini aina ya C, na wagonjwa waliochomwa walipata homa, maumivu ya viungo na uchovu kama wa mafua kabisa, ilhali hapakuwa na kirusi cha mafua hata kimoja mwilini mwao. Mbiu ikishapigwa, mwili hautulii siku hiyo hiyo. Ongeza siku za kula kidogo, kulala vibaya na kukaa kitandani, ambazo hula misuli, hapo ngazi za ofisini zinageuka mlima.

Je, hilo ni kawaida kwa siku ya 18? Ndiyo, mradi unaelekea pazuri. Ndiyo maana mgonjwa wa namna yako simuulizi sana ni siku ya ngapi, namuuliza anaelekea wapi. Usilinganishe leo na jana, maana siku moja moja hupanda na kushuka bila mpangilio. Linganisha Jumatatu hii na Jumatatu iliyopita. Wiki iliyopita ulisimama mara ngapi kwenye ngazi, na sasa mara ngapi? Uliamka mara ngapi usiku kwa kukohoa? Kama jibu linapungua, hata kwa mwendo wa konokono, unapona. Kikohozi kinachofuata maambukizi ya virusi kinaweza kukaa wiki tatu mpaka nane bila kuwa na maana mbaya.

Kinachonitisha mimi si kuchelewa kupona, ni kupata nafuu kisha kurudi nyuma. Mtu alikuwa ameanza kuinuka, homa ilikuwa imekwisha siku mbili tatu, mara homa mpya inapanda, kifua kinachoma upande mmoja akivuta pumzi, makohozi yanaongezeka, pumzi inakuwa fupi. Hapo huwa nashuku bakteria wameingia kwenye ule ukuta uliobanduka na kuleta nimonia. Katika janga la mafua la mwaka 1918, uchunguzi wa mapafu ya waliokufa ulionyesha kwamba wengi wao waliondolewa na nimonia ya bakteria iliyofuata, zama ambazo antibayotiki hazikuwapo. Sisi tunazo, lakini zinamfaa yule aliyerudi nyuma. Anayepona polepole hazimsaidii kitu.

Leo jioni fanya jambo moja kabla hujaamua lolote. Kaa kwenye kiti kwa dakika kumi bila kuongea. Weka mkono juu ya tumbo, tazama saa, hesabu mkono unavyoinuka kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 hivi. Ukipata 25 au zaidi ukiwa umekaa tu, nenda hospitali. Kama una kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kikisoma chini ya 94 mara kwa mara, na kidole kina joto na hakina rangi ya kucha, nenda pia. Maumivu ya kifua, moyo kudunda ovyo, kuzimia, damu kwenye makohozi, kuchanganyikiwa, midomo kugeuka rangi, kukosa mkojo kwa muda mrefu: hayo hayasubiri miadi, ni ya kwenda siku hiyo hiyo.

Kuna mambo mawili ambayo hukuyataja, nami siwezi kuyapita. La kwanza ni malaria. Kama unaishi au ulisafiri mahali palipo na malaria, homa ile ya mwanzo ilitakiwa ipimwe, na homa yoyote mpya ipimwe, kwani kutetemeka na viungo kuuma havina hati miliki ya mafua. La pili ni kifua kikuu. Kikohozi kikishapita wiki mbili, na mahali ulipo kifua kikuu ni cha kawaida, au unakonda, unalowa jasho usiku, umekaa nyumba moja na mwenye nacho, au kinga yako ni dhaifu, toa makohozi yapimwe. Watu huona aibu kuombwa kipimo hicho. Aibu hiyo haina kazi hapa. Ukipimwa ukakutwa huna, tunaendelea na mengine kwa amani.

Sasa makohozi ya njano. Imani kwamba rangi ya njano au kijani ni alama ya bakteria ni ngumu kufa, na nakiri hata baadhi yetu wahudumu wa afya tunaieneza. Rangi hiyo hutoka kwenye chembe nyeupe za damu za mwili wako, ambazo zina kimeng'enya chenye rangi ya kijani. Zikikusanyika na kufa ndani ya ute, ute unabadilika rangi, awe mgeni aliyezikusanya ni bakteria au kirusi. Makohozi ya asubuhi huwa mazito na ya rangi zaidi kwa sababu tu yamelala kifuani usiku kucha. Kwa hiyo rangi peke yake hainiambii kitu. Homa iliyorudi, pumzi fupi na maumivu ya kifua ndivyo vinaniambia.

Usijilaumu kwa kuchanganya bakteria na kirusi. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Richard Pfeiffer aliamini amempata kisababishi cha mafua, naye alikuwa ameshika bakteria. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1933 ndipo watafiti wa London, Smith, Andrewes na Laidlaw, walipokinasa kirusi chenyewe kutoka kwa binadamu. Antibayotiki haiui kirusi, na ile uliyomeza siku tatu haikuwa na adui wa kupigana naye. Vidonge vilivyobaki usivihifadhi kwa ajili ya kikohozi kijacho, wala usimpe mtu mwingine. Ulizia duka la dawa au kituo cha afya wanakovipokea kwa kuteketezwa.

Kwenye rafu hiyo hiyo ya dawa kuna hatari nyingine ambayo watu hawaioni. Soma kwa makini pakiti ya zile dawa za mafua za mchanganyiko, ambazo kidonge kimoja kinatibu kichwa, pua, homa na kikohozi. Nyingi zina parasetamoli ndani. Mtu humeza hizo asubuhi, mchana akiumwa kichwa anaongeza parasetamoli ya kawaida, usiku anakunywa unga wa mafua wa kukoroga kwenye maji ya moto ambao nao una parasetamoli, na hajui kwamba amekula dawa moja mara tatu. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe anatakiwa abaki chini ya hapo. Zaidi ya hapo ini ndilo linalolipa. Kama una watoto nyumbani, aspirini usiwape wakiwa na mafua, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ubongo na ini. Dawa ya kupulizia puani ya kuzibua nayo isizidi siku tano, la sivyo pua itazoea na kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Kikohozi cha usiku kina hila yake. Ukilala chali, ute wa nyuma ya pua hudondokea kooni, na koo lililochokozeka halivumilii. Inua kichwa pamoja na mabega, maana ukiinua kichwa peke yake shingo inakunjika na huamki vizuri. Kabla ya kulala suuza pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko cha asali hutuliza koo, na ushahidi wake si mbaya ukilinganisha na dawa nyingi za maji za kikohozi, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Kujifukiza nakuachia mwenyewe uamue. Mvuke hulegeza ute kwa muda mfupi na hauui kirusi chochote, lakini nimeona vifua na mapaja yaliyobabuka kwa sufuria iliyopinduka, hasa ya watoto, kwa hiyo napendelea uoge tu maji ya moto. Na hamu ya kukohoa ikija bila makohozi, jaribu hivi: funga mdomo, meza mate, vuta pumzi ndogo ndogo kwa pua mpaka mwasho upite. Mara ya kwanza utashindwa. Endelea, kwa sababu kila kikohozi kikavu kinalikwaruza koo na kuandaa kingine. Moshi wa sigara na wa jikoni ukae nao mbali. Halafu kama kuna dawa ya presha unayomeza ambayo hukuitaja, niambie jina lake. Jamii ya enalaprili na kaptoprili ina kawaida ya kuleta kikohozi kikavu ambacho hakina uhusiano na mafua.

Kuhusu jasho, mweleze shemeji kwa heshima zote kwamba kirusi hakitoki kwa jasho. Jasho tunaloliona homa inaposhuka ni matokeo ya kushuka kwa homa, si sababu yake. Kukimbia wakati wa homa, au kifua kikiwa bado kizito, kuna hatari nyingine ambayo si ya kutishia watu ovyo lakini ipo: mara chache virusi hivi huvimbisha msuli wa moyo, na mazoezi makali wakati huo yanaweza kuvuruga mapigo yake.

Njia zako za hewa na misuli yako sasa ni kama sakafu mpya ya saruji: kwa macho imekauka, ukiikanyaga inaacha nyayo. Kwa hiyo sitakupa tarehe ya kuanza kukimbia, nitakupa kipimo. Kila asubuhi kabla hujashuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba na uhesabu mapigo kwa dakika moja. Wakimbiaji wengi wanajua yao ya kawaida. Kama yako bado yako juu ya kawaida kwa kumi au zaidi, siku hiyo tembea tu. Yakisharudi, na umemaliza siku kadhaa za kazi za kawaida bila kuanguka kitandani jioni, anza na matembezi ya dakika 15 hivi ya mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Jambo ambalo wengi hukosea ni kujihukumu siku ile ile. Wanasema, "Mbona nimeweza?" Deni la uchovu wa baada ya virusi hudaiwa kesho yake, wakati mwingine keshokutwa. Ukiamka kesho kama kawaida, rudia. Ukiamka umevunjika, umezidisha. Punguza nusu na usubiri. Kukimbia kutakuja baada ya matembezi marefu kuwa mepesi, na kukianza kiwe cha kupokezana na kutembea.

Lakini usilale tu ukingoje nguvu zije zenyewe. Kulala kutwa baada ya homa kwisha kunapunguza misuli na kuharibu usingizi wa usiku. Gawa kazi ya siku vipande, pumzika kabla hujachoka, kula chakula chenye protini hata kama hamu haijarudi, kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe au wa njano hafifu. Kazini omba wiki moja ya majukumu mepesi kama inawezekana. Wiki sita zikipita na huoni unafuu, au kila ukijitahidi kidogo unaugua siku mbili, njoo tupime damu: upungufu wa damu, tezi ya shingo, sukari, kinga. Uchovu una wazazi wengi, na mafua hupenda kusingiziwa yote. Tena hatuna hakika ilikuwa homa ya mafua. Korona na virusi vingine vya njia ya hewa huja na sura hiyo hiyo, na bila kipimo hakuna daktari awezaye kuvitofautisha kwa macho. Kwa hatua uliyofikia sasa, matunzo ni yale yale.

Nimalizie na mama mkwe. Mafua haya hutamwambukiza, dada, hata kama bado unakohoa mbele yake. Wa kuangaliwa ni yule atakayeanza kupiga chafya wiki hiyo: mtoto aliyetoka shule, mgeni, mumeo. Huyo ndiye avae barakoa, alale chumba chake kama kipo, madirisha yawe wazi, na vyombo vya mama vioshwe kwa sabuni kama kawaida bila hofu ya ziada. Chanjo ya mafua ya msimu huu kama hajachanja aitafute huko huko kabla hajasafiri. Inahitaji wiki mbili hivi kukamilisha kinga, hivyo haitamlinda kikamilifu siku ya kwanza, lakini msimu hauishi kwa wiki moja. Haizuii kila mafua. Kwa mtu wa umri wake, faida kubwa ni kupunguza uwezekano wa kulazwa.

Akiugua, msifanye kama ulivyofanya wewe, kusubiri muone. Kuna dawa ya kupambana na kirusi cha mafua chenyewe, oseltamiviri, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na mtu mwenye miaka 70 na kisukari ni miongoni mwa wanaostahili kuipata mapema. Msingojee homa kubwa: wazee wengine hawapandi joto kabisa, dalili inayoonekana ni kuchanganyikiwa, kuanguka, au kukataa chakula kwa ghafla. Ibuprofeni asipewe bila ushauri, kwa ajili ya figo zake. Sukari hupanda wakati wa maambukizi hata kama mtu hali, kwa hiyo insulini au vidonge asiache kwa uamuzi wake mwenyewe, ila akitapika au kuharisha mpigieni daktari wake siku hiyo, kwa kuwa baadhi ya vidonge husimamishwa kwa muda. Mwambieni aje na kipimo chake cha sukari, orodha ya dawa zake iliyoandikwa, na namba ya simu ya kliniki anakotibiwa.